Salamu kwa Sindano

Watu wote kiwandani walimwita Bosi. Hata mkewe alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, siku zile ambapo kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha kupanga chenye bati linalovuja, na Bosi hakuwa na mfanyakazi wa kumwamuru isipokuwa huyo huyo mkewe. Baadaye utani ukawa mazoea. Yeye naye alimwita mkewe Sindano, na wageni wakiuliza kwa nini, aliwaeleza kwa furaha: ni mwembamba, ni mshonaji, na ukimgusa vibaya anachoma.

Walitengeneza viatu vya shule. Ukimwona mtoto na kiatu cheusi chenye pua nene ya mviringo, kiatu ambacho mdogo wake atakirithi mwakani na bado kitakuwa kizima, basi kimetoka kwao. Pua ile ndiyo iliyowatoa kwenye chumba cha bati na kuwaweka kwenye jengo lenye geti, mashine zinazonguruma na wafanyakazi wanaokula chakula cha mchana kwa zamu.

Bosi alijaliwa mdomo. Akialikwa redioni, mtangazaji alisahau maswali yake. Akialikwa kwenye semina, watu waliokuja kusinzia waliamka. Hadithi yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: nilianza na cherehani moja na kichwa kigumu, nikaanguka, nikainuka, nikabuni pua ya kiatu ambayo mtoto hawezi kuitoboa hata akicheza mpira wa mawe. Watu walicheka palepale walipocheka mara ya mwisho, wakapiga makofi palepale.

Siku moja binti yao, ambaye alikuwa amemaliza masomo na kuanza kazi katika ofisi ya kiwanda, alimuuliza mama yake wakiwa wanafunga maboksi.

"Mama, huchoki kusikia nilianza, niliamua, nilibuni? Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Sindano alicheka. "Nilikuwa nashona."

Binti hakucheka. Lakini mama yake alikuwa ameshageukia boksi lingine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ugonjwa wa Bosi ulikuja kwa sura ya mzaha. Funguo za gari zikakutwa ndani ya friji, wakacheka. Akamwita dereva kwa jina la dereva aliyeacha kazi zamani, wakacheka tena, dereva mwenyewe akicheka zaidi ya wote. Kisha alasiri moja akasimama katikati ya kiwanda alichokijenga, akamuuliza mkata ngozi, "Kijana, mlango wa kutokea uko upande gani?" Mkata ngozi akaangua kicheko, akidhani Bosi ameanza vituko vyake. Sindano, aliyekuwa meza ya pili akikagua nyuzi, aliinua kichwa na kuona macho ya mumewe. Hayakuwa macho ya mtu anayetania. Alimwendea, akamshika kiwiko kama watu wanaokwenda kuangalia jambo fulani nje, akamtoa.

Daktari aliwaeleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kurudia. Alisema kumbukumbu mpya ndizo zitakazotangulia kuondoka, za zamani zitakaakaa, na kwamba hakuna dawa ya kurudisha, ipo ya kuchelewesha tu. Bosi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, muda wote. Walipofika kwenye gari akamgeukia mkewe.

"Yule daktari amesema nini?"

"Amesema upumzike."

"Kupumzika nitapumzika kaburini."

Sindano alifunga mkanda wake wa kiti, kisha akafunga wa mumewe.

Wakaficha. Si kwa aibu, ila kwa hofu. Wenye maduka makubwa walinunua viatu kwa sababu ya kiatu, ni kweli, lakini pia kwa sababu ya Bosi, na habari ya mzee anayepotea ndani ya kiwanda chake ingewafanya waanze kutazama pembeni. Binti akahamia chumba kilicho jirani na ofisi ya baba yake. Karatasi za maana zikaanza kupita kwake, na Bosi akawa anasaini zisizo na maana, kwa saini ile ile yenye mikogo. Simu za wateja zikahamishwa. Gari akawa haendeshi. Kila kitu kilifanywa kwa upole na kwa visingizio vizuri, na kila kisingizio Sindano alikiona kikimpunguza mumewe kama nguo inayokatwa ikiwa mwilini.

Ndipo chuo kikuu kilipompigia simu.

Kila mwaka kitivo cha biashara kilikuwa na siku ya kuwaalika wenye viwanda na wafanyabiashara kuja kuzungumza na wanafunzi, walimu na majirani wa chuo kuhusu safari zao: waliyojifunza, yaliyowashinda, wangefanya nini tofauti. Bosi alikuwa ameshakwenda mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa geti la chuo alimpigia saluti. Mhadhiri aliyeandaa shughuli hiyo mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa viti vya nyuma Bosi alipokwenda miaka ya mwanzo. Akampigia moja kwa moja, kwenye simu ya nyumbani, na kabla mtu yeyote hajajua, Bosi alikuwa ameshakubali na kutoa suti yake kabatini.

Binti aliposikia alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, hawezi."

"Ameshakubali."

"Tutasema anaumwa."

"Kwani si anaumwa?"

"Tutasema mafua, Mama! Unajua ninachomaanisha. Akipotelea pale mbele ya watu, je?"

Sindano alikuwa anaosha vikombe. Aliosha kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Mwanangu, huyu mtu tumemnyang'anya gari. Tumemnyang'anya ofisi. Tumemnyang'anya hata simu. Mdomo wake bado ni wake. Mwache aende nao."

Binti alikaa kwenye kiti, akaweka uso viganjani. Mwishowe akasema, "Basi uketi naye. Palepale mbele. Akikwama, umvute."

Hilo Sindano hakulipenda. Tangu waanze biashara hakuwahi kupanda jukwaani, na kipaza sauti alikiona kama mdudu. Lakini alikubali.

Wakafanya mazoezi sebuleni. Bosi alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, Sindano akaketi kwenye kochi na kujifanya mwanafunzi. Alichoogopa hakikutokea. Hadithi ya zamani ilimtoka Bosi bila kigugumizi, na vichekesho vyake vyote vikiwa mahali pake.

"Mzee wetu," Sindano alisema kwa sauti nyembamba ya kisichana, "una ushauri gani kwa vijana wenye ndoto kubwa?"

"Vaeni viatu kwanza. Hakuna ndoto inayofika mbali ikiwa peku."

Sindano alicheka mpaka akajishika mbavu, na Bosi, akimwona anacheka, naye akacheka mpaka akalazimika kuketi. Walikaa hivyo, bega kwa bega, wakipangusa machozi. Sindano alijiambia kwamba huenda mambo yakaenda sawa.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Waliokosa viti walisimama kandokando ya kuta, wengine wakakaa kwenye ngazi. Jukwaani kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha buluu, chupa za maji, na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi upande wa mbele tu. Binti aliketi safu ya kwanza, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mhadhiri aliwatambulisha wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa Sindano alisema, "Na leo tuna bahati, kwa mara ya kwanza Bosi amekuja na mama yetu, mkewe." Watu wakapiga makofi. Sindano akainua mkono kidogo na kuurudisha haraka chini ya meza.

Alianza mwanamke mfugaji ambaye soko zima lilimwita Mama Kuku. "Kuku wangu wa kwanza walikufa wote," alisema. "Nikanunua wengine, wakafa wote. Jirani yangu akaniita pembeni akaniambia, dada, kwa nini usifungue tu biashara ya makaburi?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akaeleza alivyokwenda kufanya kazi ya kufagia mabanda ya mfugaji mwingine ili ajifunze kimyakimya kile alichokuwa anakosea. Akafuata Mzee Mabasi, mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyesema kwamba basi lake la kwanza lilisukumwa na abiria zaidi kuliko lilivyowabeba, na kwamba funzo lake kubwa ni kumsikiliza fundi kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Kisha Bosi akasimama.

Alifunga kifungo cha koti, akawatazama vijana, akatabasamu, na tabasamu lile lilitosha kuunyamazisha ukumbi. Akaanza na cherehani moja na kichwa kigumu. Akaanguka palepale alipozoea kuanguka, akainuka palepale. Watu walicheka, wengine wakaandika. Sindano, ambaye alikuwa amekunja vidole vyake mpaka vimekufa ganzi, alianza kuvikunjua. Alimtazama binti yao, na binti akamwitikia kwa kichwa: anaweza, Mama, anaweza.

Wakaruhusu maswali. Msichana aliyeketi karibu na dirisha akasimama.

"Shikamoo mzee wetu. Mimi naomba kuuliza, katika miaka yote hii ya biashara, ni kosa gani unalolijutia zaidi?"

Swali hilo Bosi alikuwa na jibu lake. Siku zote alisimulia habari ya gundi mbovu aliyouziwa na tapeli, viatu vikaachia soli mvua ya kwanza. Lilikuwa jibu zuri, lenye kuchekesha. Lakini hakujibu. Alikishika kipaza sauti, akakitazama, akatazama mbele.

Sindano alimvuta kidogo mkono wa koti. "Gundi," alinong'ona. "Ile gundi, Bosi."

Bosi alitikisa kichwa. "Si gundi," alisema, na kipaza sauti kikabeba sauti yake mpaka nyuma. "Binti, si gundi. Nimekuwa nikija hapa kuwadanganya."

Watu wachache walicheka, wakisubiri utani ufike. Haukufika.

"Sikuwa na nia mbaya. Mdomo ulizoea tu. Ile pua ya kiatu, nimesema nilibuni mimi. Sikubuni mimi. Mimi nilikuwa nimelala. Viatu vilikuwa vinarudishwa kwa magunia, vimetoboka hapa mbele, kila duka linarudisha. Nikajilaza nikageukia ukuta. Sili, siongei. Nilikuwa nimekwisha. Mke wangu akachukua kiatu kimoja kilichotoboka akatoka nacho. Nikadhani ameenda kukitupa. Kumbe ameenda kuketi kwenye geti la shule. Akakaa pale akitazama watoto wanavyocheza. Siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine. Sisi tulidhani mtoto anamaliza kiatu kwa kutembea. Yeye akaona mtoto anamaliza kiatu kwa kusimama. Anakimbia, halafu anafunga breki kwa vidole. Mnaona?" Bosi alitoka nyuma ya meza, akakimbia hatua chache za kizee, akaburuza ncha ya kiatu chake sakafuni. "Hivi! Breki! Nani kati yetu angeliona hilo? Amekwenda shule ngapi kuliona hilo? Ameketi tu akatazama."

Bosi akarudi mezani, akaendelea.

"Akarudi, akafumua kile kiatu, akaongeza ngozi kwa ndani, akashona upya. Akaja kuniamsha. Akaniwekea kiatu kifuani akaniambia, Bosi, kivae, kipige ukuta teke. Nikapiga teke. Plasta ikaanguka, kiatu kizima!" Watu wakacheka kwa sauti, naye akacheka nao, kisha akaacha. "Tangu siku hiyo tukaanza kula. Baadaye akaja mwandishi wa gazeti, wa kwanza kabisa. Mimi nipo mbele, mke wangu yuko chumba cha nyuma anashona, mlango uko wazi. Akaniuliza, nani amebuni? Nikasema mimi. Ilinitoka tu. Cherehani yake ikanyamaza. Kidogo tu. Halafu ikaendelea."

Sindano alikikumbuka kile kimya cha cherehani. Alikuwa amekibeba miaka yote akiamini kwamba duniani hakuna mwingine aliyekisikia.

"Nikangoja aniulize," Bosi aliendelea. "Hakuniuliza. Nikasema nitamwambia kesho, nitamwomba radhi. Kesho kuna mzigo wa kupeleka. Keshokutwa kuna harusi ya mtu. Mpaka nikazeeka. Kwa hiyo, binti, wewe uliyeuliza, andika hivi: kosa langu ni hilo. Ukiwa na mwenzako katika kazi, mtaje. Mtaje mwenyewe akiwa anasikia. Yule mwanamke ndiye kiwanda. Mimi ni ubao wa geti tu."

Makofi yaliyopigwa hayakuwa yale ya kawaida. Watu walisimama. Mama Kuku alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha meza. Sindano machozi yalimtiririka bila kujificha, na kwa mara ya kwanza hakujali kwamba yuko jukwaani. Aliunyoosha mkono kumshika mumewe.

Bosi aliketi, akaona mkono ule, akamgeukia. Akampa tabasamu la adabu, lile aliloliweka kwa ajili ya wateja wapya.

"Samahani mama, nimezungumza mno," alisema. "Wewe ni mwalimu hapa?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na kilikuwa hakijazimwa.

"Mke wangu hakuja leo," alisema. "Sijui kwa nini hakuja. Kama unamfahamu, ungenisaidia kumwambia haya. Maana mimi siku hizi nasahausahau."

Makofi yalikufa safu kwa safu, kadiri watu walivyoelewa. Binti alikuwa ameshasimama, mkono mdomoni. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Sindano.

"Namfahamu," Sindano alisema. "Nitamfikishia."

"Mwambie ni Bosi amesema."

"Nitamwambia."

"Hatakuamini," Bosi alisema, akiinama kumnong'oneza kama watu wanaoshirikiana siri. "Mkali yule. Anachoma."

Mzee Mabasi ndiye aliyenyoosha mkono mnene, akakichukua kile kipaza sauti taratibu, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Jamani, tupumzike kidogo."

Kwenye korido, binti akiwa amekwenda kusogeza gari na Bosi akipeana mikono na walimu kama mgombea wa kura, msichana wa dirishani alimfuata Sindano. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Ningejua nisingeuliza."

"Usiseme hivyo," Sindano alimwambia, akamshika bega. "Ulichouliza wewe, mimi nimeishi naye maisha yote sikukiuliza."

Ndani ya gari Bosi alikuwa na furaha. Aliwasifu vijana, akawasifu wale wanawake wawili kwa kumpa usafiri. "Ila nifikisheni moja kwa moja," alisema. "Mke wangu atakuwa na wasiwasi." Binti aliyekuwa akiendesha aliuma mdomo na kukaza macho barabarani.

Walipofika, Bosi aliketi kwenye kiti chake sebuleni. Sindano alikwenda chumbani. Alivua gauni zuri alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Akavaa nguo ya kazini na aproni yake yenye madoa ya gundi, akafunga kitambaa kichwani jinsi anavyokifunga akiwa kwenye mashine. Akajitazama kwenye kioo, akarudi sebuleni.

Bosi aliinua macho. Uso wote ukachanua.

"Sindano! Umekuwa wapi siku nzima, we mwanamke?"

Sindano akashika mgongo wa kochi. Aliketi karibu naye, magoti yakigusana.

"Nilikuwa na kazi. Habari za chuo?"

"Nzuri mno. Walijaa mpaka kwenye ngazi."

"Uliwaambia nini?"

"Ah, yale yale." Akajiegemeza kwa raha, akaanza. Cherehani moja, kichwa kigumu. Akaanguka, akainuka. Sindano alimsikiliza kuliko alivyowahi kumsikiliza, akihesabu kila neno lililobaki kabla ya mahali pale, akijikaza asimkatize. "Ndipo," Bosi alisema, "nikakaa chini nikafikiri sana, nikabuni ile pua ya kiatu."

Sindano alingoja. Hakuna kilichofuata.

"Na mimi nilikuwa wapi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuuliza.

Bosi alicheka kwa upendo, akampigapiga goti.

"Wewe ulikuwa unashona."

Sindano alisema anakwenda kuangalia chai. Jikoni alifungua bomba la maji, akaliacha limwagike, akainama juu ya sinki. Binti alimkuta hapo, akamkumbatia kwa nyuma, shavu lake mgongoni mwa mama yake.

"Amesema, Mama. Mimi nimesikia. Ukumbi mzima umesikia."

"Amewaambia ninyi," Sindano alisema. "Amemwambia mama mmoja wa chuoni."

Habari haikufichika tena. Baadhi ya wenye maduka walipiga simu kumpa pole binti, na baada ya pole wakauliza maswali mengine. Mmoja mkubwa akahamia kwa washindani. Wafanyakazi waliipokea vizuri zaidi. Ilionekana walikuwa wameshajua tangu zamani, na mkata ngozi alikiri kwamba kila jioni alikuwa akimwonyesha Bosi mlango wa kutokea na kujifanya anatoka naye. Kiwanda kiliyumba, kikasimama. Binti aliketi kwenye kiti cha baba yake bila kificho.

Jambo la kwanza alilotaka kufanya lilikuwa kubadilisha maneno yaliyochapwa ndani ya kila kifuniko cha boksi, yale yaliyosimulia jinsi Bosi alivyobuni pua ya kiatu. Aliandika maneno mapya, yenye mama yake ndani, akayaleta nyumbani. Sindano aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini yaache kwanza."

"Kwa nini, Mama? Yeye mwenyewe ndiye aliyesema!"

"Baba yako bado anasoma. Kila boksi analoliona analifungua na kusoma. Asije akasoma akadhani na hicho tumemnyang'anya."

Siku ambazo Bosi alimjua mkewe zikawa chache. Aproni ilisaidia kwa muda, kisha ikaacha kusaidia. Siku nyingine zote Sindano alikuwa yule mama wa chuoni, mtu mwema asiyejulikana anakoishi, aliyefika kila asubuhi kumwogesha, kumlisha na kumkatia kucha. Bosi alimpenda. Alimwomba radhi kwa usumbufu. Na kwa kuwa alimwamini, alimtuma kwa mkewe.

"Ukimwona mwambie blanketi hili zito."

"Mwambie asishone sana na taa ile, macho yatamharibikia."

"Mwambie namsalimu."

Sindano alizibeba salamu hizo mpaka jikoni, akasimama kidogo, akarudi na jibu. Anasema amesikia. Anasema taa amebadilisha. Anasema naye anakusalimu. Bosi aliyapokea majibu kwa kuridhika, mara nyingine akitabasamu peke yake mpaka usingizi ukamchukua.

Alikuwa akilisubiri lile neno moja. Kila alipoona midomo ya mumewe inajiandaa, alisogea. Zilikuja salamu za mto wa kitanda, za chumvi, za mtoto asichelewe shule. Hatimaye akashindwa kuvumilia. Alikuwa anampaka mafuta mikononi.

"Bosi, hakuna neno lingine la kumpelekea?"

Bosi alikunja uso. Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua kabisa kwamba kitu alikiweka humo.

"Lipo," alisema. "Lilikuwepo moja. Kubwa." Macho yakamjaa maji. "Limenitoka."

"Si kitu. Likirudi utaniambia."

"Nitakuambia wewe wa kwanza."

Halikurudi. Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, binti yao akiwa njiani kuja. Sindano alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Bosi aliushika mkono wake kwa nguvu ambazo hakuwa nazo siku nyingi, akamshukuru kwa wema wote aliomtendea yeye mgeni. Kisha akamwomba, kama hatakuwa amemchosha, akae naye kidogo mpaka mkewe afike. Naye akakaa.